Gunia la Kumi

"Hongera, Mama," mkaguzi wa kampuni alisema. "Magunia kumi, yote yana namba ya shamba lako. Kakao ya msitu uliofyekwa hatununui, ila wewe hujakata hata mti mmoja."

Sifa tamu. Lakini yeye, mkulima mwenyewe, alikuwa ameleta magunia tisa tu.

La kumi lilishonwa ovyo, na mtu mwenye haraka. Akapenyeza vidole kwenye mshono, akachomoa mbegu moja, akaivunja kwa jino na kuinusa.

Moshi.

Kakao yake yeye huianika juani, juu ya mikeka, siku saba, akiigeuza kwa mikono yake. Aliyekausha hii alikuwa na kuni za kumwaga.

Na harufu hiyo hakuwa mgeni nayo. Wiki nzima alikuwa akiifua kwenye mashati ya mdogo wa mumewe, aliyeaga kila asubuhi kwamba anakwenda mjini kutafuta kazi, na ambaye leo amejitolea kumshushia mzigo.

"Tia sahihi hapa, Mama."

Kalamu aliipokea. Macho yake yalikuwa mlangoni, aliposimama shemeji yake.

"Shemeji," aliuliza polepole, "msitu umeufyeka hadi wapi?"