Kichwa Changu na Gemu Mpya

"Yaani Nzowa, umemfuta mama yako ili ucheze gemu?" Baba alinifokea.

"Hiyo gemu ndiyo usaili wa kazi siku hizi! Kompyuta uliyonifunga kichwani nikiwa mchanga ilikuwa mtumba. Nimeipima: spidi inatosha, ila kumbukumbu zilikuwa zimejaa."

"Si ungenifuta mimi!"

"Wewe huchukui nafasi, Mzee. Mama ndiye alikuwa amejaa kila mahali."

Nikaijaribu gemu tena palepale, na safari hii ikafunguka bila kugoma.

Kwenye kochi kulikuwa na mama mmoja analia, ananiita kitindamimba wake. Nikamwamkia kwa heshima, maana nimelelewa vizuri, nikatoka, nikafunga mlango.