Shukrani za Jumapili

Wakili wa hospitali aliigeuza skrini mahakama nzima ione. Ni mimi huyo, Jumapili ya shukrani baada ya kumzika mke wangu Serwaa. Nimevaa nguo nyeupe, meno yote nje, nimemshika mkono daktari mkuu, huyo aliyekaa sasa kando ya wakili. Katoni za maji alizoleta msibani zimepangwa miguuni petu.

"Picha uliiweka Facebook mwenyewe, mzee?"

"Mwenyewe."

"Na leo unadai walimwacha avuje damu kwenye benchi?"

"Walimwacha. Mke wa mkubwa fulani ndiye aliyepewa kitanda."

"Hebu tusomee ulichoandika."

Nyuma yangu mama mkwe alikohoa. Hapa Kumasi aliyeleta chochote msibani hushukuriwa hadharani, hata awe ndiye aliyeua. Hakimu naye amezika, anajua. Lakini wakubwa hawaumbuani. Hakimu akainamia kalamu yake.

Nikasoma: "Daktari mkuu, Mungu akulipe kwa yote uliyomtendea Serwaa."

Watu wakacheka. Nikayaona meno yangu pale kwenye skrini, yanang'aa, nikatamani kuyang'oa.

"Rudia, mkwe wangu," alisema mama mkwe. "Polepole. Daktari hajasikia."