Shogi Lililopinduka

Enzi wanyama walipolima kwa ubia, Ngedere na Kanga walivuna mahindi, wakamwita Punda ayabebe. Ngedere akashika shogi, ule mfuko wa pande mbili wa mgongoni mwa Punda. Upande wake akajaza mahindi manono, wa Kanga akatia magunzi matupu. Akatangaza, “Nimegawa kwa uadilifu!”

“Uadilifu ndio nini, ndugu yangu?” akauliza Kanga.

“Neno la wakubwa. Twende!”

Punda alipokanyaga maji ya mto, loo, shogi likaanza kupinduka upande wa Ngedere!

“Mahindi yangu, jamani!” Ngedere akarukia mgongoni, akayahamishia mahindi upande wa Kanga, mbio mbio, mpaka shogi likatulia sawasawa.

Punda akageuza shingo. “Kanga, umeliona jibu lako?”