Likizo ya Kiwanda Kizima

Wa kwanza kukataa likizo ya bure ya ziwani alikuwa Fundi Grisi, na kama si kuuheshimu uzee wake, washonaji wangemfunga kwa uzi wakampakia kwenye basi kama mzigo.

"Mimi siendi," alisema, kitambaa chake cha mafuta kikiwa begani. "Mashine zangu nitamwachia nani?"

"Mashine zako?" Mama Pindo, msimamizi wa washonaji, alishika kiuno. "Ulizizaa wewe?"

Ukumbi mzima ulicheka, lakini Fundi hakucheka. Sharti la bosi lilikuwa moja: waende wote au asiende mtu. Kiwanda kingepakwa rangi ndani wiki nzima, na harufu ya rangi si ya kuchezea. Hata mlinzi wa lango alikuwemo kwenye safari. Sasa mzee mmoja mwenye goti bovu alitaka kuwanyima ziwa wanawake ambao likizo yao ya mwisho ilikuwa ya uzazi.

Tena ziwa lenyewe lilikuwa wazo la bosi, mtu aliyejulikana kwa mkono wa birika, aliyezima feni mshonaji akienda msalani. Tangu alazwe hospitali akarudi, alikuwa amelainika. Alisalimia watu kwa majina, akaulizia watoto. "Kifo kimemkonyeza," walisema washonaji, "sasa anatafuta pepo." Kazi ya kuchagua mahali alimwachia Mama Pindo. Ila magari ya kiwanda wasiyahesabu, yanaingia gereji. Watafute pahali panapofikika kwa usafiri wa kawaida.

Mama Pindo aliifanya kazi hiyo kama anavyokagua kola, bila kuacha uzi. Mji wa kwanza ulikuwa na ufuko mzuri, lakini kutoka stesheni ya treni hadi majini ni mlima mtupu, na goti la Fundi lingepata kisingizio. Wa pili ulifikiwa kwa kivuko, na Fundi aliapa kwamba maji yeye huyajulia kwenye ndoo. Wa tatu ulikuwa karibu, mabasi yanapishana mchana kutwa, nyumba za wageni tele. Huo aliupenda, akaupeleka ofisini.

"Karibu mno," alisema bosi kwa upole. "Nawajua nyinyi. Mmoja atakumbuka nguo alizoanika, apande basi arudi. Hiyo itakuwa likizo? Tafuta mbele zaidi."

Akatafuta mbele zaidi. Akapata nyumba ya wageni iliyokaa ukingoni kabisa mwa ziwa, na basi linasimama mlangoni pake, hata mwenye goti bovu hana la kusema. Bosi aliuliza jambo moja tu.

"Na la kurudi?"

"Ni hilohilo, mzee. Linakuja Jumapili kwa Jumapili. Likishatushusha, mpaka wiki iishe."

"Hapo sawa," alisema bosi, akasimama, akampa mkono. Alikuwa hajawahi kumpa mkono mtu yeyote pale. Mama Pindo alishinda siku nzima bila kuuosha.

Ikabaki Fundi. Mama Pindo alimfuata kwenye chumba chake cha vipuri, akambembeleza, akamkaripia, asipate kitu. Mwishowe akachagua neno alilojua litachoma, akalisema mbele ya washonaji wote.

"Mkeo alikufa akikungoja utoke humu. Na sisi tukungoje vilevile?"

Fundi alikitoa kitambaa begani, akakikunja polepole, akatikisa kichwa kukubali. Jioni alianza kuzifungua mashine moja moja kutoka mezani, kama bosi alivyoagiza, ili meza nazo zipakwe rangi. Alizipaka mafuta, akazifunika vizuri, akazisogeza pembeni zisipate matone. Mama Pindo alimtazama akaona haya, roho ikamuuma kweli. Kisha akalikumbuka ziwa, akajisamehe.

Na ziwa halikuwaangusha. Kufikia siku ya tatu washonaji walikuwa wanarushiana maji na kupiga vifijo kama wasichana wa shule. Mlinzi alilala kivulini mchana kweupe, bila kumwogopa mtu. Fundi Grisi naye alikunja suruali, akaingia mpaka magotini, akakaa huko asubuhi nzima.

"Goti limenyamaza," alimwambia Mama Pindo alipotoka. Akaangalia mbali kidogo. "Siku ile uliniumiza, mama. Lakini ulisema kweli. Ningekufa bila kuyaona haya."

Mama Pindo alimshika mkono, akamketisha kivulini.

Pale mchangani washonaji walikuwa wanabishana. Nusu waliapa kuta zitakuwa bluu, nusu wakaapa ni manjano, rangi ya watu wanaotaka kuonekana wana pesa. Mama Pindo, ambaye habari haikuwahi kumpita, alikuwa amemtuma mumewe apite kiwandani achungulie. Simu ilipoita, aliwapigia kelele wanyamaze, akaweka spika, akainyanyua juu ili asikie kila mtu.

"Haya, baba watoto, sema! Bluu au manjano?"

Nyuma ya mumewe zilisikika kelele za watoto, zikirudi kwa mwangwi mkubwa.

"Rangi sijaiona, mama watoto. Lango liko wazi tu. Watoto wa mtaa wanacheza mpira humo ukumbini, ukuta hadi ukuta, hakuna hata meza ya kuwazuia."