Ukoko wa Halfani

Hii ni kweli tupu, haijatiwa chumvi hata punje. Mzee aliyeisimulia, kwenye baraza moja pale Iringa, aliapa kwa macho yake mawili, kisha akaahidi kwamba akikamatwa na uongo, hata mmoja, atawanywesha kahawa wote waliokaa.

Lori lilizimika Chimala, akaanza. Lilizimika lenyewe, kwa kudra ya Mungu tu, na Halfani akajua leo tena ukoko ataukosa.

Halfani alikuwa dereva, miaka ile ya hamsini. Alipostaafu aliuza nyumba yake ya Mwanjelwa, akatandika godoro nyuma ya lori lake kuukuu, akaamua kurudi pwani kwa wazee wake polepole, akilala popote jua litakapomzamia. Kando ya godoro alipanga masufuria ya Mwanakhamisi, mwanamke aliyempikia miaka thelathini. Lori lenyewe likiwashwa Mwanjelwa, kuku wa Mbalizi waliacha kutaga. Lakini tangu alinunue, halikuwahi kugoma njiani.

Sasa limegoma. Jaha akaingia uvunguni, na kofia yake ya kufuma kichwani, kofia asiyoivua hata ikilowa grisi.

Jaha alikuwa utingo wake wa zamani. Halfani mwenyewe ndiye aliyemwomba awemo safarini, na alimchagua kwa makusudi: mvi kichwa kizima, mapengo mawili mbele, mtu ambaye hakuna mwanamke aliyewahi kumgeukia mara mbili. Walikubaliana vizuri. Mwisho wa kazi yake ni Iringa. Watafika kwa Rukia, dada yake Mwanakhamisi, Jaha atasema neno lake na kushika njia yake. Halfani na Mwanakhamisi watapumzika pale miezi mitatu, kisha wataendelea na safari ya pwani wawili tu, kama zamani.

Ila Iringa ilikuwa haifiki. Na kwenye kiti cha mbele Jaha alikaa katikati, Mwanakhamisi dirishani. Halfani ameshika usukani, wao wanacheka. Wanacheka nini? Barabara ni vumbi na mawe, haina cha kuchekesha. Asubuhi, Halfani akiinuka kutoka kwenye usukani alikolala, shingo imekakamaa, anakuta chai ya tangawizi Jaha ameshaifikisha nusu.

Pale Chimala Mwanakhamisi akapika wali. Halfani akakaa juu ya jiwe, akisikiliza mwiko ukikwangua chini ya sufuria. Ukoko ule, mwekundu, unaonukia moshi, miaka yote thelathini ulikuwa wake. Hata wageni wakija, hata mwezi wa Ramadhani, ulikuwa wake. Mwanakhamisi akajitanda khanga vizuri, akaja, akaiweka sahani ya Halfani juu ya boneti bila kumkabidhi mkononi. Ukoko akampa Jaha.

"Meno yenyewe huna," Halfani akamwambia Jaha. "Utaula na nini?"

"Nitaumumunya, bosi. Haraka ya nini?"

Jioni wanaume wawili wakaenda dukani kwa Bipin kununua mafuta ya taa. Bipin, mtu wa biashara, akamtandazia Jaha khanga mpya, akasema amchukulie mkewe, itampendeza. Halfani akangoja Jaha amsahihishe. Jaha akauliza kama hakuna yenye maua mekundu.

Nje ya duka Halfani akamshika mkono. "Iringa, Jaha. Neno lako unalikumbuka?"

"Iringa haijahama, bosi."

Lori likawaka. Likazimika tena Makambako, likawaka. Likazimika mara ya tatu wakati Iringa inaonekana kwa macho kule juu ya kilima, na Halfani akashuka akalipiga teke gurudumu mpaka kidole kikavimba. Uvunguni Jaha alikuwa anapiga mluzi. Mwanakhamisi alikuwa amechutama pembeni, anamshikia spana, na khanga yake ya maua mekundu.

Walipofika kwa Rukia, Halfani hakungoja hata maji ya kunywa. Aliwaita wazee wawili wa mtaa waje wawe mashahidi, akamsimamisha Jaha katikati ya ua.

"Haya. Sema neno lako hapa, mbele ya watu, tuachane kwa wema."

Jaha akamtazama Mwanakhamisi. Mwanakhamisi alikuwa anateremsha masufuria, akasimama na sufuria mkononi.

"Bosi," Jaha akasema, "ulimpa talaka tatu kwa mkupuo mmoja, eti mchuzi umezidi chumvi. Ukaniomba nimuoe, halafu nimwache, upate kumrudia. Kumuoa nimemuoa. Mchuzi wake nimeula kutoka Mbeya mpaka hapa. Sasa hilo neno la kumwacha mke wangu nimelitafuta njia nzima, silioni."

Mwanakhamisi akaingiza masufuria ndani.

Halfani aliondoka peke yake kesho yake. Na lori, mpaka linafika pwani, halikugoma tena hata mara moja.

Hapo msimuliaji akanyamaza, akajifuta midomo. Eliezeri, fundi baiskeli, akamuuliza imekuwaje lori lizime mara tatu kabla ya Iringa, halafu baada ya Iringa lipone.

"Kudra ya Mungu," mzee akasema. "Nimeapa, au sikuapa?"

Dirisha lililokuwa nyuma ya kichwa chake likafunguka. Mkono wa bibi kizee ukatokeza na kisahani cha ukoko, ukamwekea mapajani.

"Mume wangu," sauti ikasema, "waambie na ule waya wa plagi uliokuwa unauficha ndani ya kofia."

Mzee akaigusa kofia yake ya kufuma, akaisogeza kidogo, kisha akamwita muuza kahawa.