Nafasi ya Tumboni

Zamda hakutulia mbele ya kioo cha fundi. Gauni la sare ya harusi ya wifi yake lilimkaa kama aliyezaliwa nalo.

"Niachie nafasi tumboni, Bi Hidaya."

"Wenzako wananililia niwafiche matumbo. Wewe mwenye kiuno cha nyigu wataka gunia?"

"Harusi bado miezi mitatu. Niachie tu."

Fundi akalitazama tumbo la Zamda. Yeye ndiye aliyelipanua tumboni gauni lake la mwaka jana, na kabla mwezi haujaisha Zamda akamrudishia alipunguze.

Bi Hidaya alichomoa pini, akaikunja kanga yake, akaiweka tumboni kwa Zamda, ndani ya gauni.

"Geuka upande, mwanangu, tupime vizuri."

Zamda akaishika kanga kwa mikono miwili, isidondoke.