Uzi Usio na Fundo

Kila Myahudi aliyefia katika mji ule alizikwa kwa sanda iliyoshonwa na Bi Mazal, kwenye benchi la nyuma la sinagogi. Leo alikuwa akishona ya mwisho, na macho hayakumsaidia tena.

"Bi Mazal, unamshonea nani?" jirani yake Zubeda alimuuliza kutoka mlangoni. "Si umebaki Myahudi peke yako hapa mjini?"

"Najishonea. Wewe ndiye utakayenivika."

Zubeda alivua viatu kama afanyavyo aingiapo msikitini, akakaa, akaichukua sindano. Kwa mazoea akafunga fundo mwishoni mwa uzi. Bi Mazal akaupapasa uzi, akalikata fundo kwa meno.

"Sanda yetu haifungwi fundo, mwanangu. Maiti asizuiwe na kitu."

"Sasa uzi utashikwa na nini?"

"Na mtu. Mmoja akishona, mwenzake hubana mwisho wa uzi. Zamani tulikuwa tunagombea kuubana."

Akanyoosha vidole ili aubane, lakini vilitetemeka mno. Zubeda akapiga mishono michache, akavuta polepole. Uzi wote ukapita kitambaani, ukaning'inia kwenye sindano, na sanda ikabaki na vitundu vitupu.